Matairi ya Mkunga

Siku gari la mkunga lilipoteleza kwenye kona ya machimbo ya mawe, halikugonga kitu wala mtu. Lilizunguka tu, likatazama lilikotoka, likasimama katikati ya maji yaliyotuama barabarani kwa sababu mtaro ulikuwa umeziba na wa kuuzibua hakuna. Mkunga alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, akikitazama kilima alichokuwa ameshakiteremka. Kisha akaligeuza gari, akaenda kazini, akazalisha kama kawaida. Jioni alimsimulia baba yake kisa hicho huku akivua viatu mlangoni, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za jirani.

Mzee alitoka nje, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akapitisha kiganja juu ya mpira.

"Kipara," akasema. "Kipara kunizidi mimi."

"Najua, Baba. Jumamosi naenda kununua mengine."

"Tunaenda," akasema mzee, bado amechuchumaa.

Mkunga alimtazama kisogo, akataka kusema jambo, akaliacha.

Mzee huyo watu walimwita Fundi Ukucha tangu ujana wake, na jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kibanda chake cha matairi kilikuwa njia panda, chini ya mabati, na mbele ya kibanda palikuwa na karai la maji ya kutafutia pancha, maji meusi ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yakimwagwa. Mteja akileta tairi, Ukucha hakuuliza limenunuliwa wapi. Alikandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye mpira, akauondoa, akatazama alama inavyojaa polepole au inavyokataa hata kuingia. Mpira mzee haupokei alama. "Hili limekufa," alikuwa akisema, "kalizike." Na mteja, hata awe na cheo gani, alikwenda kulizika, kwa sababu zama zile neno la fundi lilikuwa neno.

Shule hakuikanyaga. Herufi alizijua kwenye mbavu za matairi. Alianza na zile kubwa za jina la kiwanda, akaja kwenye namba za upana, akamalizia na zile ndogo zinazosema tairi lilizaliwa wiki gani ya mwaka gani. Kutoka hapo akahamia magazeti yaliyofungiwa spana, na kutoka magazeti akahamia vitabu vya kuazima, mpaka nyumba yake ikawa na vitabu vingi kuliko sahani. Binti yake naye alimfundisha hivyo hivyo. Mtoto alikuwa akikaa ndani ya tairi la lori kama kifaranga ndani ya tenga, anasoma kwa sauti kila kilichoandikwa ubavuni, na madereva wanampigia makofi.

Kisha barabara ikapanuliwa na kibanda kikavunjwa. Penye karai sasa pana duka la makasha ya simu, linalopiga muziki kutwa bila mtu wa kuusikiliza. Zamani muuza matairi ulimjua kwa mikono. Ilikuwa myeusi hadi kwenye mistari ya viganja, na sabuni ilishaikatia tamaa. Siku hizi anakaa juu ya kigoda kirefu, ananukia marashi, na tairi analijua kwa picha. Pancha ndogo ya msumari, ambayo Ukucha angeiziba mteja akiwa bado anatafuta pa kukaa, leo inatosha tairi zima kutupwa. Watu hawashiki vitu tena. Wanavitazama, wanavilipia, wanavitupa, na wanaita hayo maendeleo.

Gari la mkunga lilikuwa gari la michezo, la viti viwili, limekaa chini kama sahani, paa lake la turubai. Alilinunua kwa daktari mmoja aliyekuwa anahamia mbali, likiwa halina betri na panya wamezaa kwenye kiti. Alilifufua mwenyewe, kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara. Shangazi yake, dada wa Ukucha aliyekuwa akiishi nao, aliliita Kiatu, na hakuchoka kulisema.

"Gari gani hili? Ukipakia mkoba, abiria anabaki!"

"Ndiyo raha yake, Shangazi. Hakuna wa kuniomba lifti."

"Na siku ukipata mume?"

"Atakaa kiti cha pili."

"Na watoto?"

"Watoto nawapokea kutwa nzima kazini, Shangazi. Njiani niache nipumue."

Siku za kazi Kiatu kilimpeleka hospitali, ng'ambo ya kilima, alfajiri wakati lami ingali baridi na ina umande. Jumapili moja katika kila mwezi kilimpeleka kwenye mashindano ya koni. Uwanja wenyewe ni ule wa kuegeshea malori, nyuma ya maghala yaliyofungwa. Hupangwa koni za rangi ya chungwa, njia inapinda na kupinduka katikati yake, na magari hupita moja moja kwa kasi huku saa ikihesabu. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde. Hakuna kubanana wala kugongana. Kila mmoja anashindana na saa na woga wake mwenyewe. Mzunguko haufiki hata dakika moja, kisha unarudi kwenye foleni kungoja zamu yako, na foleni ndiyo ndefu.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Matairi yanayong'ang'ania lami kavu kama gundi huwa na mifereji michache, na barabara ikijaa maji yanaelea juu yake. Yanayoelewana na mvua huwa na meno marefu ya mpira ambayo hulegea ukikata kona kwa nguvu, gari linakuwa kama mtu anayecheza mpira kwa ndara. Na fedha zilikuwa za seti moja tu. Mkunga alihitaji matairi yatakayomfikisha kwenye kitanda cha mzazi alfajiri ya mvua, na hayo hayo yampitishe kwenye koni Jumapili bila kumtia aibu.

Wiki nzima alikuwa akisoma kwenye simu. Ukucha alimsikia kutoka chumba cha pili akicheka na kuguna, akibishana na watu ambao hajawahi kuwaona, kila mmoja akisifia tairi lake kama anayeposa. Jambo hilo lilimchoma mzee kuliko alivyoonyesha. Mtu ana fundi ndani ya nyumba, na anauliza kwenye simu!

Alitaka jambo moja tu, na hakuwa na wa kumwambia. Alitaka matairi yale yachaguliwe kwa ukucha wake. Kibanda kimekwenda, wateja wamekwenda, vijana aliowafundisha kazi sasa wanauza vocha. Kama na binti yake naye atanunua matairi kwa picha, basi ule ukucha umebaki wa kukunia mgongo.

Jumamosi wakaenda. Duka lilikuwa la vioo mbele, lenye ubaridi wa mashine ndani, sakafu inang'aa, na halikuwa na hata chembe ya harufu ya mpira. Ukucha alisimama mlangoni akivuta pumzi kama mtu aliyeingia jikoni akakuta hakupikwi.

"Karibu mzee wangu. Karibu dada," akasema muuzaji, kijana nadhifu mwenye shati lililopigwa pasi. "Dereva ni nani hapa?"

"Mimi," akasema mkunga.

Kijana alimtazama mzee kidogo, kutaka uhakika zaidi.

"Ni yeye," akasema Ukucha. "Mimi ni mzigo."

Mkunga alieleza shida yake: gari la viti viwili, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kila siku kazini, mara moja kwa mwezi koni. Kijana alifurahi mpaka akaruka kutoka kwenye kigoda. Aliwapeleka mbele, dirishani, ambapo tairi moja liliwekwa juu ya kinara kama kombe. Lilikuwa karibu laini kabisa, mifereji miwili tu imechorwa katikati.

"Hili ni nusu ya mbio, nusu ya barabara," akasema. "Mabingwa ndilo wanalotumia. Mengine yote ni kubahatisha tu."

Ukucha alichuchumaa. Magoti yalilia. Akakandamiza ukucha, nao ukazama kama kwenye unga uliokandwa, na alipouondoa, alama ilikaa pale ikijaa polepole, taratibu. Miaka mingi hakuwa amekutana na mpira wa namna ile. Alijaribu tena kwenye bega la tairi, akajaribu pembeni, na uso wake ukafunguka.

"Hili," akasema. "Mama, njoo ushike. Hili lina uhai."

"Mzee anajua kazi!" akasema muuzaji. "Siku hizi hakuna tena wazee wa hivi."

Ukucha alisimama amenyooka kuliko alivyoingia. Ilikuwa zamani sana tangu mtu amsifu kwa kazi yake akiwa mbele ya kazi yenyewe.

Mkunga alichuchumaa mahali pale pale. Akaweka ukucha wake, ukazama. Kisha akafanya jambo ambalo baba yake hakulifanya: akalaza kiganja kizima juu ya mpira, akakiacha pale, kama anavyokiacha juu ya tumbo la mama mjamzito. Akainua macho akatazama kioo. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia moja kwa moja.

"Baba, lina joto."

"Joto la nini?"

"La jua. Limekaa hapa dirishani tangu kulipokucha." Akamgeukia muuzaji. "Kaka, una jingine la aina hii stoo?"

"Lipo, dada, lakini ni lile lile."

"Najua ni lile lile. Nataka lililolala gizani."

Stoo ilikuwa nyuma, sakafu ya saruji, baridi kama chumba cha kuhifadhia samaki. Kijana alivuta tairi kutoka kwenye rafu. Mkunga akalikandamiza kwa ukucha, akasogea pembeni ampishe baba yake. Ukucha akakandamiza. Ilikuwa kama kubisha mlango wa nyumba isiyo na watu. Akakandamiza tena kwa nguvu, ukucha ukapauka, na mpira ukabaki vile vile.

Ukucha alijua mara moja alichokifanya. Alipokuwa na kibanda, dereva akiingia na lori lililotoka safari, alikuwa anamkatalia kupima. "Kaa kivulini ule chakula, tairi lipoe kwanza," alikuwa akisema, na madereva walimlaani wakakaa, kwa sababu mpira wenye moto unamsifia kila mtu. Kanuni hiyo ilikuwa yake. Hakuwa ameisoma mahali. Na leo, kwa furaha ya kuona kitu laini, aliipita kama mtu anayepita nyumba yake mwenyewe gizani.

"Si baya," akasema mkunga kwa upole. "Likishapata moto ni zuri sana. Lakini koni haifiki dakika moja, Baba, kisha nakaa foleni mpaka nasinzia. Litachemka saa ngapi? Na alfajiri naondoka nalo limeganda hivi hivi, na lile dimbwi la machimbo linaningoja."

"Mbio ni mbio. Matairi ya mbio yanajulikana."

"Mimi siishi kwenye mbio, Baba."

"Kwa hiyo ukucha wangu umekosea?"

Muuzaji alianza kuyatazama maboksi ya rafu ya juu kwa bidii kubwa.

"Ukucha wako mzima," akasema mkunga. "Pale dirishani umepima jua tu, hujapima tairi."

Mzee aliona afadhali angetukanwa. Alirudi nyuma, akaegemea ukuta, akakunja mikono. Kutoka pale alimtazama binti yake akipita kwenye rafu moja baada ya nyingine, katika ile baridi, akichuchumaa na kusimama. Hakuwa na haraka. Kila tairi alilisoma ubavu, kwanza upana, kisha umri, midomo ikicheza. Aliweka ukucha. Alibana bega la tairi kwa vidole vyote kuona kama meno yanalegea. Muuzaji alimtajia hili na lile, akamjibu "ahaa" na kuendelea.

Alisimama kwenye rafu ya chini kabisa, mahali ambapo hapakuwa na taa wala tangazo. Tairi lilikuwa la barabarani, la magari ya kasi, lenye mifereji mipana minne inayozunguka mwili mzima, na mabega yake mapana, kipande kimoja, hayakubanika. Ukucha wake ukaacha alama katika baridi ile ile.

"Haya," akasema.

"Hayo ni mazuri pia," akasema muuzaji, ambaye kwake yote yalikuwa mazuri.

"Yataisha mapema," akasema mzee kutoka ukutani. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu anune.

"Yataisha," mkunga akakubali. "Mpira unaoshika kwenye baridi haudumu, hilo ulinifundisha wewe. Lakini mpaka yaishe nitakuwa nimefika kazini kila siku."

Yakafungwa kwa mashine. Ukucha alisimama karibu, akitafuta kosa. Aliitafutia mashine kila dhambi aliyoijua, akatega sikio kusikia kama ukingo umekaa vizuri kwenye rimu. Ilifunga vizuri. Hilo likamuudhi zaidi.

Nyumbani alinuna. Alishika kitabu bila kufungua ukurasa wa pili.

"Kaka, umekuwaje?" akauliza dada yake. "Umevimba kama tyubu."

"Nimezeeka."

"Kumbe? Hilo nalo limekuja leo?"

Kukosea kulimuuma, lakini hakukuwa ndiko kulikomkosesha raha. Mafundi hukosea, mwenye mikono hukosea kwa mikono. Kilichomkaa kooni ni kwamba binti yake hakumshinda kwa simu wala kwa yale majitu ya kwenye simu. Angemshinda kwa hayo, angekuwa na wa kuwatukana. Alimshinda kwa sheria ya kibanda kile kilichovunjwa, na kwa utulivu ambao yeye Ukucha mwenyewe, siku ile, hakuwa nao.

Asubuhi moja ya baridi aliamka mapema kuliko wote, akatoka nje na kanzu ya kulalia. Kiatu kilikuwa kimelowa umande. Akapangusa tairi la mbele kwa kiganja, akakandamiza ukucha. Ukaingia. Akazunguka akayapima yote, moja moja, na lilipokwisha la mwisho akalirudia la kwanza. Mkunga alitoka na mkoba wake wa kazi akamkuta amechuchumaa.

"Unatafuta nini, Baba?"

"Msumari."

"Umeuona?"

"Hakuna."

Mkunga akaingia garini akaficha tabasamu huku akifunga mkanda wa kiti.

Wiki hiyo mvua ilinyesha kweli kweli, ile ya kulala inanyesha na kuamka inanyesha. Mkunga alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, akasimulia habari za mama mmoja aliyekuwa akimtukana mumewe kwa majina yote na uchungu ulipokwisha akamwomba soda. Kona ya machimbo hakuitaja kabisa. Ukucha aliona kwamba hiyo ndiyo habari.

Jumapili ya koni ilipofika, mzee alikuwa amevaa shati safi kabla hajaulizwa. Hakuwahi kwenda huko. Siku zote alisema ni mchezo wa watu wenye petroli ya kumwaga.

"Unakuja?" akauliza mkunga.

"Kama kuna kiti."

"Kipo kimoja tu."

"Basi ni changu. Yule mume atasubiri," akasema mzee, na shangazi akacheka mpaka akashika mlango.

Asubuhi ilikuwa kavu na baridi, mawingu yamefunika jua. Uwanjani magari yalikuwa yamejipanga, makubwa na madogo, na moja lilikuwa limekuja mgongoni mwa trela, limefungwa kamba kama ng'ombe wa mnada. Mwenyewe, bwana mnene mchangamfu, alikuwa ameyafunika matairi yake mablanketi ili yasipoe. Ukucha aliyatambua chini ya blanketi: ni yale yale ya dirishani.

"Yana homa?" akamuuliza.

"Yakipoa hayashiki, mzee wangu," akasema yule bwana. "Hapa nayabembeleza."

Msimamizi wa koni alikuwa dereva wa malori mstaafu, na alimtambua mzee kwa mbali.

"Ukucha! Kumbe ungali hai?"

"Kwa kusukumwa."

Kabla ya mzunguko wa kwanza, Ukucha alitoa mfukoni kipande cha chaki, akachora mstari mnene kwenye bega la kila tairi, kutoka juu mpaka ubavuni.

"Unayapaka poda?" akauliza msimamizi.

"Nataka kuyaona yanavyocheka," akasema mzee.

Mkunga akavaa kofia ngumu, akaingia kwenye koni. Ukucha alifumba macho. Matairi alizoea kuyasikiliza. Yakishika, sauti yake ni nzito, ya chini. Yakiteleza yanalia kama mtoto. Alisikia uzito, kisha kilio kifupi cha mbele, kisha mlio wa koni ikianguka. Alifumbua macho mkunga akiwa anarudi.

"Linakataa kuingia kona," mkunga akasema kupitia dirishani. "Nageuza usukani, pua inakwenda nje."

Mzee alikuwa ameshainama. Chaki ya matairi ya mbele ilikuwa imefutika kupita bega, mpaka kwenye herufi za ubavuni.

"Yanalalia ubavu. Ongeza upepo mbele."

"Kiasi gani? Kwenye simu wanasema..."

"Mama, simu haijaiona chaki hii. Leta pampu."

Mkunga akaleta pampu ya mguu. Baba yake akapiga upepo mwenyewe, akitazama geji kwa jicho moja na tairi kwa jingine, akachora chaki upya. Mzunguko wa pili haukuangusha koni. Aliporudi, mstari ulikuwa umefutika mpaka ukingoni mwa bega na kuishia hapo. Mzee alinyoosha kidole gumba.

Mzunguko wa tatu Ukucha hakufumba macho. Kiatu kiliingia kati ya koni kikiwa chini, kimejibana, kikapinda huku na huku kama mtu anayekatiza katikati ya viti vya karamu akiwa na sinia kichwani. Mabega ya matairi yaliinama na kusimama, yakainama na kusimama. Kwenye kona ya mwisho, ambapo wengi walikuwa wakilegeza, sauti ilishuka ikawa nzito kabisa, nzito na tulivu, na gari likatoka limenyooka. Mzee alijikuta ameshika kola ya shati la msimamizi.

"Niachie nibonyeze saa," akasema msimamizi, "nitakosea hesabu!"

Mkunga alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa yule bwana wa trela, kwa tofauti ya kukonyeza jicho. Yule bwana mwenyewe alikuja kumpa mkono, akalizunguka gari dogo la mkunga mara mbili, akachuchumaa kwenye matairi.

"Haya ndiyo yaliyokuleta hapa kwa barabara?" akauliza. "Na kesho?"

"Kesho yananipeleka kazini."

"Basi mimi nimeshindwa. Langu kesho linalala."

Watu wakakusanyika, mmoja akapapasa mpira, mwingine akasoma ubavu. Walitaka kujua nani amemchagulia.

"Msijisumbue kuuliza!" akasema msimamizi kwa sauti ya kusikika hadi maghalani. "Huyu ana Ukucha nyumbani. Mzee ndiye aliyeyachagua. Ama siyo, mzee?"

Wote wakamgeukia. Kila alichokitamani tangu siku ile alipochuchumaa kwenye kipara kilikuwa kimewekwa mbele yake, mbele ya watu wanaojua magari, na kilimtaka aitikie kwa kichwa tu. Mkunga alikuwa anavua kofia. Aliisikia kauli ile, akamtazama baba yake, akatulia. Hangesema kitu. Mzee aliona kwamba hangesema kitu hata baadaye, nyumbani, hata miaka ijayo. Angempa heshima ile aende nayo.

"Mimi nilichagua yale," akasema Ukucha, akanyoosha kidole kwenye mablanketi. "Wale wagonjwa."

Watu wakaangua kicheko.

"Haya kayachagua huyu. Nilimkatalia, nikanuna wiki nzima, muulizeni shangazi yake. Ningemchagulia mimi, leo angekuwa bado kwenye foleni anayabembeleza." Akamshika binti yake bega, akamsogeza mbele. "Mimi ni wa chaki na upepo. Habari za kuchagua muulizeni yeye."

Wakamuuliza. Mkunga alianza kwa aibu, kisha akachuchumaa, akaweka kidole gumba kwenye mpira, akawaambia wanaume wale wazima wasipime kitu kilichopigwa jua, wasubiri asubuhi, wakae kivulini, wabane na bega. Mmoja akabisha, akamjibu. Mwingine akaweka ukucha wake, akafundishwa kuulaza vizuri. Ukucha alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, akamsikia akiongea kama mtu mwenye kibanda chake, na kifua kilimjaa mpaka vifungo vya lile shati safi vikakaza.

Watu walipotawanyika, alimwita.

"Kesho zamu yako ni ya alfajiri?"

"Ya alfajiri."

"Basi tupunguze huu upepo wa koni kabla hatujaondoka," akasema mzee, akaanza kupiga magoti kwenye lami.